Kamera ya Kustahimili Chumvi, Vumbi na Baridi

Aghalabu mtu anayekusudia kununua kamera ya fremu kamili kwa kazi za nje huingia dukani na swali moja tu mdomoni, nalo ni kutaka kujua ni ipi iliyo imara kuliko zote. Swali hilo halina jibu, kwa sababu uimara wa chombo hupimwa kwa adui anayekikabili, na maadui wa kamera katika nchi zetu hawafanani: kuna chumvi na unyevu wa Pwani kutoka Lamu hadi Mtwara, kuna vumbi la mbuga, kuna mvua ya milima ya Rwenzori isiyojua msimu, kuna baridi ya kilele cha Kibo, na kwa ndugu zetu walioko Maskati kuna joto la kiangazi linalopindukia nyuzi 40. Kamera iliyoshuka salama kutoka mlimani yaweza kufa kwa chumvi, na iliyoishi miaka mingi bara yaweza kuota kuvu Tanga kabla haijaona masika ya pili. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujataja jina la kiwanda chochote, kaa chini ujiulize kwa dhati utapiga picha wapi siku nyingi za mwaka, maana jibu la swali hilo ndilo litakalokuchagulia kamera.

Fremu kamili ni kihisi chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kipimo kilichorithiwa kutoka filamu ya kamera ndogo aliyoibuni Oskar Barnack, ambayo kampuni ya Leitz iliionyesha hadharani kwa jina la Leica katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la kihisi cha APS-C kilichomo katika kamera nyingi za bei nafuu, na faida yake huonekana wakati nuru inapokuwa haba, yaani alfajiri wavuvi wanapoondoka, maghribi simba wanapoamka, na ndani ya nyumba za kale za mawe ambamo dirisha ni moja. Gharama yake, mbali na fedha, ni uzito wa lenzi. Anayepiga picha adhuhuri peupe, na picha zake haziendi mbali zaidi ya skrini ya simu, hana haja ya kujitwika mzigo huu, na namwambia hivyo kwa nia njema kabisa. Nayasema yanayofuata kwa yule ambaye kazi yake inamlazimu.

Watengenezaji karibu wote husema kwamba kamera zao zimekingwa na hali ya hewa, walakini maneno hayo peke yake hayana kipimo. Kipimo cha kimataifa kipo, kikiandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili, ya kwanza ikieleza kinga dhidi ya vumbi na ya pili kinga dhidi ya maji, ila kamera za fremu kamili zilizokubali kupimwa kwacho ni chache mno. Leica SL2 ya mwaka 2019 na SL3 iliyofuata mwaka 2024 zina alama ya IP54, na hata hizo, kwa bei yake inayowashinda wengi wetu, haziahidi zaidi ya haya: kwamba vumbi likiingia halitaingia kwa kiasi cha kuzuia kazi, na kwamba maji yakirushwa kutoka upande wowote hayatadhuru. Hapakutajwa kuzamishwa, wala maji ya bahari. Hakuna hata moja katika kamera nitakazozitaja humu iliyoundwa kuingia majini, na atakaye kupiga picha za matumbawe sharti aipatie kamera yake kasha maalumu la kuzamia. Kadhalika, hati ya dhamana aghalabu haifidii madhara ya maji, hata kama tangazo lilionyesha kamera ikinyeshewa.

Basi ikiwa maneno ya tangazo hayatoshi, mnunuzi atazame kwa macho yake. Omba lenzi itolewe kwenye kamera, kisha igeuze uone pale penye pete ya chuma inayoshikana na mwili: lenzi iliyokingwa ina ukingo mwembamba wa mpira, aghalabu mweusi, unaozunguka pete hiyo na kujitokeza kidogo mno, na ukiupitisha ukucha utausikia ukibonyea. Ukikosa ukingo huo, ujue kwamba hapo pana mwanya, na kinga yote ya mwili wa kamera uliyoilipia imeishia mlangoni. Fungua kifuniko cha betri na cha kadi ya kumbukumbu, utafute utepe wa mpira au wa sponji ngumu kuzunguka kingo zake. Vuta vifuniko laini vinavyoziba matundu ya nyaya ubavuni, uone kama vinarudi mahali pake na kukaa barabara, maana hivyo ndivyo hulegea mwanzo. Chombo kilichotiwa kalafati mbao zote isipokuwa ubao mmoja kitajaa maji vilevile, na kamera ni hivyo hivyo. Baadhi ya lenzi za Canon za zamani, mathalan ile ya milimita 17 hadi 40, hazikamiliki kinga yake mpaka ifungwe kichujio cha kioo mbele, na mtengenezaji mwenyewe ameliandika hilo katika kijitabu ambacho wanunuzi wengi hawakifungui.

Sasa nije kwenye chumvi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo adui mkubwa kuliko wote, kwa kuwa kazi yake huendelea hata baada ya mpiga picha kurudi nyumbani. Mvua ikikauka imekwisha, ilhali mnyunyizo wa bahari ukikauka huacha punje za chumvi katika kila mfereji na kila kitufe, na chumvi ina hulka ya kuvuta maji kutoka hewani: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, punje iliyokauka huyeyuka yenyewe ikawa tena maji ya chumvi, na hewa ya Pwani yetu usiku huvuka kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo kamera iliyowekwa kabatini bila kufutwa baada ya siku moja juu ya ngalawa hulowana na kukauka, usiku baada ya usiku, na kutu huanza katika parafujo, kisha katika chemchemi za vitufe, kisha katika viungo vya umeme, pasipo mwenyewe kujua mpaka asubuhi moja kitufe kigome.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama, lakini yataka ifanywe siku ileile. Kamera ikiwa ingali imefungwa lenzi yake na vifuniko vyote, ipanguse kwa kitambaa cha pamba kilicholowekwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa mpaka kisidondoke hata tone. Pita juu ya vitufe, zunguka shingo ya lenzi, pita chini ya kiatu cha taa, usisahau pete za mkanda wala miguu ya stendi. Suuza kitambaa, kamua, urudie mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza huyeyusha chumvi na ya pili ndiyo huiondoa. Kisha futa kwa kitambaa kikavu, na usifungue mlango wa betri wala kutoa lenzi mpaka kamera ikauke kabisa. Nasisitiza jambo la maji: maji ya visima vya miji ya pwani mara nyingi yana chumvichumvi, na mtu akiyatumia amebadilisha chumvi kwa chumvi. Tumia maji ya mvua, au ya chupa. Na ikiwa, Mungu apishe mbali, kamera imezama baharini, toa betri mara moja, usijaribu kuiwasha ili uone kama inafanya kazi, ikimbize kwa fundi. Wapo wanaoifukia ndani ya mchele; mchele hauondoi chumvi, na unga wake huongeza taabu juu ya taabu.

Nduguye chumvi ni unyevu, na mwana wa unyevu ni kuvu. Kuvu huota juu ya kioo cha lenzi kwa nyuzi nyembamba zinazotawanyika, na ikiachwa hula ule utando wa juu wa kioo na kuacha alama isiyofutika hata lenzi ikifunguliwa na kusafishwa. Huipenda hewa iliyotuama, giza, na ngozi. Kwa hiyo ile mikoba mizuri ya ngozi iuzwayo pamoja na kamera ni mahali pabaya mno pa kuihifadhi Pwani. Mwenye uwezo anunue kabati la umeme la kukausha hewa, na asiye nao achukue chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kile tunachowekea unga au biskuti, atie ndani vifuko vya chembe za silika za aina inayobadilika rangi zikishiba maji, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu, na ahakikishe kwamba kipimo kinasoma baina ya asilimia 40 na 50. Chembe zikibadilika rangi hukaushwa kwa moto wa kadiri katika oveni, zikarudi kazini. Kisha kamera itumike! Lenzi itokayo nje juani kila wiki ni nadra kuota kuvu.

Jambo jingine la Pwani linalowasumbua wageni na wenyeji sawasawa ni la vyumba vya kiyoyozi. Kamera iliyolala usiku kucha katika chumba baridi cha hoteli mjini Unguja au Mombasa, ikitolewa ghafla katika hewa ya asubuhi, hufunikwa na ukungu wa maji mara moja, nje na pengine ndani. Wengi hufuta kioo cha mbele na kuendelea, na kile kilichoganda ndani hawakioni. Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki ikiwa ingali chumbani, iache humo nje kwa nusu saa au zaidi mpaka ipate joto la hewa iliyoizunguka, ndipo uifungue. Kanuni hiyohiyo humfaa mpanda mlima anayeingia na kamera baridi katika hema lenye pumzi za watu.

Vumbi nalo lina maarifa yake. Udongo wa kusini mwa Serengeti umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao ulilipuka kwa nguvu na kumwaga majivu miaka ya 2007 na 2008, na chembe zake ni laini kiasi cha kupenya popote, tena kali kiasi cha kukwaruza. Hapa ndipo aina ya lenzi inapokuwa muhimu kuliko aina ya kamera. Lenzi ya kuvuta inayorefuka unapoizungusha huingiza hewa ndani kila inaponyooka, na hewa hiyo huja na vumbi. Ile ambayo viungo vyake husogea ndani kwa ndani, urefu wa nje usibadilike, humeza kidogo zaidi. Katika lenzi ndefu za wanyama, Sony ya milimita 200 hadi 600 na Nikon ya milimita 180 hadi 600 ni za namna hii ya pili, na mimi ningezipa daraja la juu kwa sababu hiyo hata kama zingekuwa na upungufu mwingine.

Kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani zimeleta tatizo ambalo zile za zamani hazikuwa nalo, kwani lenzi ikitolewa, kihisi kimebaki uchi mbele ya upepo, wala hakuna kioo wala shata ya kukisitiri. Watengenezaji wamelitambua: Nikon Z8 na Z9 zina ngao inayoshuka mbele ya kihisi kamera ikizimwa, Canon R5 hufunga shata yake, na Sony A7 IV hufanya hivyo ukiiagiza katika menyu. Basi sharti kamera izimwe kabla lenzi haijaguswa, na pazia la shata lisiguswe kwa kidole wala lisipulizwe kwa nguvu, maana ni jembamba mno. Lenzi zibadilishwe ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mdomo wa kamera ukitazama chini. Afadhali zaidi kutobadilisha kabisa: waongozaji wa watalii wenye uzoefu hupendelea miili miwili, mmoja wenye lenzi ndefu na mmoja wenye fupi, yote ikifunikwa kikoi mpaka mnyama aonekane. Na kwa kuwa barabara za mbuga zina mikunjo inayotikisa gari mpaka parafujo zilegee, lenzi nzito isiachwe ikining'inia kwenye shingo ya kamera. Ilazwe mapajani au juu ya mto.

Juu ya baridi sina mengi. Usiku wa kupanda Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, halijoto hushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri na kupita, na kinachoumia kwanza ni betri, ambayo hupoteza nguvu kwa muda kisha huzirudisha ikipata joto. Weka za akiba mbili katika mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kamera nyingi zimeandikiwa kiwango cha kutoka sifuri hadi nyuzi 40, chache zimeandikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na tofauti hiyo ina maana zaidi kwa mwongozaji wa mlima kuliko kwa mtu apandaye mara moja maishani. Joto ni jambo la kuhofiwa zaidi, na hasa kwa wapigao video, maana kihisi chenyewe huzalisha joto na kamera ikishindwa kulitoa hujizima. Kamera nyeusi iliyoachwa juu ya kiti cha gari huko Lodwar au Maskati huvuka kiwango chake cha juu kabla mwenyewe hajamaliza chai.

Sasa majina, kwani najua msomaji ameyangoja. Kwa mtu anayeishi kwa kazi hii na mwenye rasilimali ya kutosha, Nikon Z8 ya mwaka 2023 ndiyo ningeitanguliza: ina uzito wa gramu 910 pamoja na betri na kadi, imeandikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na haina shata ya mitambo, kwa hiyo sehemu inayochakaa kwanza katika kamera nyingine haimo kabisa. Mwenye lenzi za Canon hana sababu ya kuhama, kwani R5 Mark II ya mwaka 2024 ni nyepesi na imezibwa vizuri. Pentax K-1 Mark II ya mwaka 2018 ni kamera ya kuheshimiwa. Mtengenezaji wake hutaja sili, yaani vizibio, 87 katika mwili wake, nayo pia imeandikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na bei yake ni ya kiungwana ukilinganisha na sifa hizo. Ila lenzi zake ni adimu katika maduka yetu, na lenzi ikiharibika utangoja mzigo kutoka ng'ambo. Sharti hili la lenzi na fundi wengi hulidharau. Ulizia kwanza, katika mji wako au mji mkuu wa nchi yako, ni kamera za kiwanda gani ambazo mafundi huzifungua kila siku na vipuri vyake hupatikana, kwa sababu hata kamera madhubuti itahitaji mkono wa fundi siku moja.

Kwa mwenye mfuko wa wastani, sioni aibu yoyote katika kununua iliyotumika, nami naishauri waziwazi. Nikon D850 ya mwaka 2017 na Canon 5D Mark IV ya mwaka 2016 zina mwili wa aloi ya magnesiamu, zina kioo na shata mbele ya kihisi, na betri zake hudumu siku nzima. Uliza hesabu ya shata: ya kwanza ilipimwa kwa mipigo 200,000 na ya pili kwa 150,000, na iliyokwisha kufika theluthi mbili ya hesabu hiyo ishushwe bei au iachwe. Fungua mlango wa betri utazame vile vipande vya shaba, kwani doa la kijani au jeupe hapo ni ushahidi wa maji. Nusa ndani ya mkoba, maana kuvu ina harufu. Kisha washa tochi ya simu, uimulike lenzi kwa nyuma ukitazama kwa mbele, upande upande, ukitafuta nyuzi za utando. Asiyekuruhusu kufanya hayo, muage kwa heshima.

Katika kugawa fedha, hukumu yangu ni kwamba mwili wa kamera usizidi nusu ya fungu lote. Nusu ya pili inunue lenzi moja yenye mpira wa kuzibia, kichujio cha mbele, betri ya akiba, koti la mvua la kamera, chombo cha kuhifadhia chenye silika, na bima ikiwa kazi yako ni ya kulipwa. Mtu anayeishi karibu na bahari, na ambaye fedha yake yatosha kununua mara moja tu, namsihi achukue D850 au 5D Mark IV iliyokaguliwa namna hiyo, pamoja na lenzi iliyokingwa, kuliko kamera mpya ya mwaka huu yenye lenzi ya plastiki isiyo na ukingo wa mpira; na jioni ya siku ya kwanza atakayotoka nayo ufukweni, aifute.